Zamu ya Marehemu

Mimi sipendi kushindwa, na sioni kwa nini nimwombe mtu radhi kwa hilo. Nikiwa mdogo nilimng'ata kaka yangu mkono kwa sababu alinifunga kwenye karata, na mpaka leo, mtu mzima mwenye wajukuu, akiniona nimeshika karata huificha mikono yake mfukoni. Sasa chukua mtu wa namna hiyo umwachie duka la michezo.

Duka lenyewe ni chumba kimoja chini ya ghorofa, kati ya fundi cherehani na mahali pa kutolea fotokopi. Rafu zimejaa mpaka darini: dama, sataranji, dhumna, ludo, karata, na yale masanduku makubwa ya michezo mipya yenye ramani na vikete mia mbili, ambayo vijana huyashika wakayazungusha kama watoto wachanga. Katikati kuna meza nne na viti kumi na moja, hakuna kinachofanana na mwenzake. Ukutani imebandikwa karatasi aliyoiandika mume wangu kwa kalamu nzito: KWANZA TUCHEZE, HALAFU UNUNUE. Chini yake akaongeza: KULA NI LAZIMA. Hiyo ya pili ni sheria ya dama. Kete ya mwenzako ikikaa mbele ya yako na nyuma yake pana nafasi, huna hiari, unairuka na kuila. Hata kama hutaki, hata kama unaona kabisa ni mtego.

Zamani mji huu ulikuwa na maduka matatu kama letu. Moja sasa linauza makava ya simu, lingine limekuwa duka la dawa. Tumebaki sisi peke yetu. Anayetaka mchezo wa mezani, kama hatupo, aagize kwa simu, asubiri wiki tatu, kifurushi kije kimekosa dadu, halafu amlalamikie nani?

Kazi tuligawana. Mume wangu alicheza na wateja, mimi nikakaa kaunta, nikahesabu mali, nikagombana na waleta mizigo. Kila mtu alikuwa mahali pake. Marehemu alikuwa mpole kupita kiasi, na kwenye mchezo, Mungu anisamehe, nilimwona dhaifu. Alifungwa na kila aina ya mtu. Alifungwa na bibi waliokuja kununua zawadi za wajukuu, na wajukuu wenyewe, na dereva wa lori aliyeingia kujikinga mvua tu. Akifungwa alijikuna shingo, akatikisa kichwa na kusema, "Aa, leo umeniweza." Mteja akatoka na sanduku kwapani, kifua mbele.

Mimi nilimfunga kila jioni kabla hatujafunga duka. Miaka thelathini na moja. Tulikuwa na ubao wetu kwenye meza ndogo ya dirishani, tukicheza raundi moja, nikimfunga, naye akijikuna shingo. Aliniita Bingwa. Mtaa mzima ukadaka jina hilo, hata mleta maji ananiita Mama Bingwa, na sijawahi kumkataza.

Alifariki miezi minane iliyopita. Alilalamika kifua asubuhi, tukampeleka hospitali, hakurudi. Raundi yetu ya mwisho tuliiacha katikati. Nilikuwa nikiongoza kwa kete mbili, ilikuwa zamu yangu, na wakati huohuo mleta mizigo akaingia na maboksi yaliyolowa. Nikasukuma kete yangu bila kuketi na kumwendea yule kijana kumpa vidonge vyake. Niliporudi, marehemu alikuwa ameufunika ubao kwa kitambaa chake cha mistari. "Niache nifikirie, Bingwa," akasema. Kesho yake vilevile: "Bado nafikiria." Nikamcheka, nikamwambia fikiria mpaka mwisho wa dunia, utafungwa tu. Siku ya tatu ndiyo tukaenda hospitali. Tangu hapo kitambaa hicho sikukigusa. Nafuta vumbi la meza kukizunguka, basi.

Duka likabaki mikononi mwangu, na binti yangu akaanza kunijia kila wiki na maneno yake. Yeye ni mpima ardhi, mtu wa vipimo, anaongea kama anapigilia vigingi.

"Mama, tangu Baba afariki umeuza michezo mitatu. Miwili imerudishwa."

"Ilirudishwa kwa ujinga wa wanunuzi."

"Ilirudishwa kwa sababu uliwaambia hawana akili ya kuicheza."

Nilisema kweli. Hata hivyo tukapatana. Mkataba wa chumba unaisha mwezi huu, na mwenye nyumba alikuwa anakuja Jumamosi saa nne asubuhi kusikia jibu. Kama mpaka Jumamosi sijaweza kuuza hata mchezo mmoja, nirudishe ufunguo, nikakae kwa binti yangu, nipumzike. Neno hilo "kupumzika" lilinichoma. Ni kana kwamba nami nafunikwa kitambaa.

Jumanne akaingia muuguzi, bado amevaa sare, macho mazito kwa kukesha kazini. Alitaka mchezo wa kucheza na mumewe.

"Tukirudi nyumbani kila mtu na simu yake, Mama," akasema. "Tunaishi kama wapangaji wawili."

Yalinigusa maneno yake, nakiri. Nikamkaribisha mezani, nikapanga kete, nikamfunga kwa dakika nne.

"Hukutazama nyuma yako," nikamwambia. "Asiyetazama nyuma dama haimfai. Labda jaribu ludo."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha adabu, akasema atarudi. Nyote mnaijua "nitarudi" ya namna hiyo.

Dirishani alikuwa ameketi Mwalimu, rafiki wa marehemu, mstaafu anayekuja kila siku kusoma gazeti la bure na kunywa chai yangu. Akalikunja gazeti taratibu.

"Shemeji, umemfukuza."

"Nimecheza naye. Si ndiyo sheria ya nyumba hii?"

"Marehemu alicheza nao ili washinde. Hakuuza ubao hata mmoja kwa kumfunga mtu. Wewe ulidhani wale bibi walimweza kweli?"

Ndiyo, nilidhani walimweza. Niliwahi hata kumwonea huruma kwa hilo.

"Kila Jumatatu asubuhi ukienda sokoni tulikuwa tunacheza yeye na mimi," Mwalimu akaendelea. "Miaka yote hiyo nimemfunga mara mbili. Na moja kati ya hizo alikuwa na homa."

Hapo damu ikanichemka. Mwalimu si mchezaji wa kubeza. Mimi na yeye tunafungana, leo mimi, kesho yeye.

"Ebo! Na mimi je? Mimi nilimfunga kila siku ya Mungu!"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Akaifuta tena ingawa ilishatakata.

"Toka," nikamwambia. "Toka na gazeti lako. Chai yangu uiache."

Akatoka, gazeti kwapani. Nilijua nimekosa adabu, lakini mtu hawezi kuja kwako na chai yako mkononi akakunyang'anya miaka thelathini na moja. Kwa wateja, sawa, nilikubali. Biashara ni biashara. Lakini mimi nilimfunga kihalali. Usiku ule na uliofuata niliirudia ile michezo kichwani, nikijihesabia ushindi wangu.

Alhamisi akaja kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Nikasema haya, kama kazi ni kushindwa, tutashindwa, kuna ugumu gani? Thubutu! Mkono wangu ulikataa. Naisukuma kete niipeleke shimoni, vidole vinairudisha vyenyewe. Nikajilazimisha, nikamtupia kete tatu mfululizo kama mtu anayewamwagia kuku mahindi. Kinyozi akainua uso.

"Mama Bingwa, unanionea huruma?"

"Cheza."

"Mimi si mtoto," akasema, akasimama. Alikuwa ameumia, nilimwona. "Bora ungenifunga." Akaondoka bila hata kutazama rafu.

Ndipo nikaketi peke yangu nikakiri kwamba kushindwa vizuri ni ufundi, na mimi sina. Marehemu alikuwa fundi, na nilikaa naye duka moja bila kuuona ufundi wake.

Ijumaa mchana binti yangu akaja na maboksi matupu na gundi ya karatasi. Hakusema "nilikwambia", nashukuru, amelelewa vizuri kwa upande wa baba yake. Tukaanza kushusha michezo rafuni. Kila sanduku lilikuwa na mwandiko wa marehemu pembeni: "pungufu kete moja nyeupe, nimechonga nyingine," "wasomee maelezo, wasiachwe peke yao." Binti yangu alisoma kila moja kwa sauti ndogo kabla hajaliweka boksini. Sote wawili tulikuwa tunavuta makamasi tukisingizia vumbi.

Akaifikia meza ya dirishani, akanyoosha mkono.

"Usiguse hapo!" Nilipaza sauti mpaka fundi cherehani akasimamisha mashine yake.

Binti yangu akaurudisha mkono. "Mama, tutauhamishaje bila kuugusa?"

Alikuwa na haki. Nikapiga moyo konde, nikasogea, nikakishika kitambaa kwa pembe mbili na kukiinua polepole, kete zisisogee.

Tukatazama. Mpima ardhi wangu hakuchukua hata pumzi mbili.

"Ilikuwa zamu ya nani?"

"Yake."

"Mama." Akainama, akapitisha kidole hewani bila kuugusa ubao. "Hii kete yake ya mstari wa pili. Anaruka hapa. Halafu hapa. Halafu hapa, mstari wa mwisho, anakuwa mfalme. Anakula tatu."

Nikatazama kidole chake kikipita. Kete niliyoisukuma bila kuketi, siku ile ya maboksi yaliyolowa, ndiyo iliyofungua njia yote. Baada ya hapo hakuna ambacho ningeweza kuokoa. Nilikuwa nimekwisha.

"Labda hakuiona," binti yangu akasema, kwa sauti ya mtu anayekutafutia pa kushika.

Aliiona. Yeye ndiye aliyeandika ile karatasi ukutani. Aliyefundisha nusu ya watoto wa mji huu kwamba kula ni lazima angeshindwaje kuiona? Na hapakuwa na njia nyingine ya kula, ilikuwa hiyo moja tu. Hata angejifanya haioni, mimi mwenyewe ningempigia kelele. Ndivyo nilivyo, nimewahi kumlazimisha mtu anile kwa sababu sheria ni sheria. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote.

Miaka yote alitumia sheria ile kushindwa. Alikuwa anaweka kete zake mbele ya zangu, nami nazila, nikijiona mjanja. Siku ile sheria ikamgeukia yeye. Kila akitazama ubao, alitakiwa kunifunga. Akachukua kitambaa chake, akaufunika. Siku mbili nzima mume wangu alikuwa anafikiria, na mimi namcheka, kumbe alikuwa anatafuta namna ya kutonishinda.

Nikaketi sakafuni, katikati ya maboksi. Nililia kama sikuwahi kulia hata msibani, maana msibani nilikuwa na wageni wa kuwapangia viti. Binti yangu akaketi kando yangu na gauni lake la kazini.

"Alinidanganya," nikasema. "Maisha yangu yote kanidanganya."

"Ulikuwa unarudi nyumbani unaimba, Mama," akasema. "Kila jioni. Tukiwa wadogo tulikuwa tunasikia wimbo wako tangu kwenye ngazi, Baba anakuja nyuma amebeba mifuko yote. Siku moja nilimuuliza kama haoni vibaya kufungwa kila siku. Alicheka tu."

Nikaufunika ubao tena. Ile zamu sikuwa na moyo wa kuicheza. Nikamwambia binti yangu aache maboksi yalivyo, aende nyumbani, kesho aje mapema. Kisha nikaenda kwa Mwalimu, nikagonga, nikamwomba msamaha mlangoni pake mbele ya majirani. Nikampa ubao mmoja wa dama ampelekee yule muuguzi, maana Mwalimu huenda kupimwa presha kliniki kwao.

"Mwambie ajifunze na mumewe," nikasema. "Wakishaweza, waje wanifunge."

"Hiyo haihesabiki kuwa umeuza, shemeji," Mwalimu akasema.

"Najua."

Jumamosi saa nne kamili mwenye nyumba akafika. Mama wa makamo yangu, mjane kama mimi, magoti yanamsumbua. Miaka thelathini na moja amekuwa akisimama mlangoni pale, anachukua chake, anaaga. Hajawahi kuketi hata mara moja. Akayaona maboksi, akamwona binti yangu amesimama na karatasi za mkataba mkononi, akadhani amepata jibu.

"Basi ndiyo hivyo, dada," akasema kwa huzuni. "Wa makava ya simu ananipigia kila siku."

"Keti kwanza," nikamwambia. "Sheria ya nyumba. Tunacheza kwanza."

"Mimi na michezo, wapi na wapi! Sijui hata kete inakwendaje."

"Keti upumzishe magoti."

Akaketi. Nikamwonyesha. Safari hii sikumtupia kete. Nilikaa kama nilivyomwona marehemu akikaa mara elfu, nikiwa nimeshughulika na hesabu zangu za mali na nisione kitu. Marehemu hakucheza vibaya. Alicheza vizuri kabisa, halafu mahali pamoja anaacha mlango wazi, hatua mbili mbele, na anasubiri. Sasa kusubiri! Mwenye nyumba aliinua kete akairudisha. Akaigusa nyingine. Ulimi wangu nikaubana kwa meno. Mlango ulikuwa pale wazi, unaonekana, na mimi naungua ndani kama sufuria iliyosahaulika jikoni.

Akaona. Macho yakamtoka.

"Ngoja... hapa naruhusiwa?"

"Hapo si kuruhusiwa," nikasema. "Hapo ni lazima."

Akaruka moja. Akaruka ya pili. Akapiga kofi mezani, kete zikatikisika, akacheka mpaka akashika ubavu. Miaka ishirini ilimtoka usoni pale pale. Sikuwahi kujua kama ana mwanya. Na mimi nikauangalia uso ule, nikasahau kabisa kwamba nimefungwa. Ndipo nikajua marehemu alikuwa anatazama nini kila jioni wakati mimi natazama ubao. Alikuwa ananitazama mimi.

"Umeniachia wewe!" akasema, akinielekezea kidole.

"Mimi? Uliza mtaa mzima kama niliwahi kumwachia mtu."

Akafikiri kidogo, akaona hilo ni kweli. Akachukua ubao uleule tuliochezea, hakutaka mwingine, akasema kuna dada yake anayekaa naye, wanakaa mchana kutwa wanatazamana kama sanamu, leo atakiona cha moto. Akatoa pesa kwenye mkoba. Binti yangu akazipokea, akanitazama, kisha akaweka mkataba mezani mbele yangu na kuufungua kwenye ukurasa wa mwisho.

"Saini, Mama," akasema. "Hapo chini."

Nikasaini. Wakatoka wote wawili kwenda kutoa fotokopi mlango wa pili, mwenye nyumba akiwasimulia watu wa foleni jinsi alivyomfunga Mama Bingwa. Nikawasikia wakishangilia.

Nikabaki peke yangu. Nikaenda dirishani, nikaketi upande wangu, nikakiondoa kitambaa na kukikunja. Kiti chake kilikuwa kitupu na nilijua ni kitupu, sijarukwa na akili. Nikanyoosha mkono, nikaishika kete yake ya mstari wa pili, nikaicheza zamu yake. Nikaruka moja. Nikaruka mbili. Nikaruka tatu, mpaka mstari wangu wa nyuma kabisa. Kete zangu nikazitoa ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe, na moja nikaipandisha juu ya yake, awe mfalme.

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Nikajikuna shingo, palepale alipokuwa akijikuna yeye.

"Aa, mume wangu," nikamwambia. "Leo umeniweza."